Maneno Matamu ya Wawekezaji: Yajue Kabla Hujatia Sahihi

Mwaka 2022 mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya Isha, yeye na wenzake wawili. Walikuwa wameshuka treni ya Nairobi jioni ile, mashati yao ya pasi bado yanang'aa. Walikwenda kuonana na mwekezaji kuhusu biashara yao ya kuwaunganisha wavuvi wa Kusini na mahoteli ya Diani kwa njia ya simu.

"Mjomba, wametupenda," akaniambia hata kabla hajaketi.

"Alhamdulillahi. Wamewapa ngapi?"

"Hawajatupa kitu bado. Lakini wametupenda sana, wasema watatupigia."

Mimi ni mtu wa hesabu. Nina diploma ya uhasibu na nimeshika daftari za maduka na vyama vya watu hapa Mombasa kwa miaka mingi. Nilipaswa kuliona shimo lile. Badala yake nikawaambia wasubiri, subira yavuta heri. Wakasubiri miezi minane. Mmoja wao aliacha kazi ya hoteli ili fedha zikifika zimkute tayari. Dada yangu, mamake huyu mpwa, aliuza bangili zake mbili za dhahabu kulipia kodi ya friza isije ikachukuliwa na mwenyewe. Simu haikupigwa. Na ajabu ni kwamba yule mwekezaji hadi leo hajasema "hapana".

Tangu hapo nimesoma mikataba ya aina hii, nimekaa na mawakili, na nimewasikiliza vijana waliopita njia hiyo, waliofaulu na walioanguka. Haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyapanga kwa maneno yenyewe yanavyosemwa, kisha maana yake, kisha la kufanya. Yawe akiba kwa kijana anayetafuta mtaji, na kwa mzazi ama mjomba anayeulizwa ushauri kama nilivyoulizwa mimi.

Kwanza, mwekezaji ni nani?

Wengi wetu twadhani mwekezaji ni tajiri mwenye fedha zake mfukoni. Wapo wa namna hiyo. Lakini wale wa kampuni changa aghalabu ni wasimamizi wa mfuko wa fedha za wengine: mifuko ya pensheni, mabenki, familia tajiri, mashirika ya maendeleo. Mfuko huo kwa kawaida huishi kama miaka 10. Msimamizi hulipwa kila mwaka ada ambayo desturi yake ni karibu asilimia 2 ya mfuko, na faida ikipatikana huchukua fungu ambalo desturi yake ni asilimia 20.

Yafuatayo yatokana na hesabu hiyo. Mwekezaji ajua kwamba nyingi katika kampuni anazotia fedha zitakufa ama zitarudisha kidogo. Moja ama mbili ndizo zitakazolipia zote. Kwa hivyo hatafuti biashara nzuri tu. Atafuta ile inayoweza kukua mara kumi, mara thelathini, kisha iuzwe kabla miaka yake haijaisha. Biashara itakayokulisha wewe na watoto wako kwa heshima yaweza kuwa njema mbele ya Mungu na watu, na bado yeye haimfai.

Jambo la pili: yeye hana haja ya kusema "hapana". Akikataa leo na kampuni ikaja kukua, amejifungia mlango. Akinyamaza, mlango u wazi naye hajapoteza kitu. Kampuni ya uwekezaji ya Bessemer ya Marekani imeweka hadharani orodha ya kampuni ilizozikataa zikaja kuwa majabali, Google na Facebook zikiwemo. Mwekezaji yeyote aijua hofu hiyo. Basi gharama ya kusubiri yabebwa na nani? Na kijana mwenye friza ya kukodi.

Mwaka 2008 waanzilishi wa Airbnb walijulishwa kwa wawekezaji saba. Walitaka dola 150,000 kwa kampuni waliyoithamini dola milioni 1.5, yaani asilimia 10. Watano walijibu kwamba hawataki, wawili hawakujibu kabisa. Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi, alizichapisha barua pepe hizo mwaka 2015. Mwezi Disemba 2020 kampuni hiyo iliingia soko la hisa, na siku ya kwanza thamani yake ikapita dola bilioni 80. Watu huisimulia hadithi hii kuwacheka wale watano. Mimi naona wale watano waliwafanyia hisani: walikataa, vijana wakajua la kufanya. Mwaka huohuo waliuza maboksi ya nafaka ya asubuhi yenye picha za wagombea urais kwa dola 40 kila moja, wakapata fedha za kuwasukuma. Hawakukaa kungojea simu.

"Tumewapenda sana, tutawapigia"

Maana yake mara nyingi ni: sijaamua, na sitaki kujifunga. Kupendwa si ahadi.

La kufanya: kabla hujatoka chumbani, uliza mambo matatu kwa adabu. Hatua inayofuata ni ipi? Nani anaamua? Jibu litatoka tarehe gani? Mwenye nia hujibu, hata kama tarehe ni ya mwezi ujao. Asiyejibu, mwandike katika daftari lako kuwa amekataa, uendelee na kazi. Akirudi, karibu. Na usiache kazi, usiuze kitu cha nyumbani wala usiajiri mtu kwa ajili ya fedha ambazo hazijaingia benki.

"Tafuteni mwekezaji kiongozi, sisi tutafuata"

Ni kweli kwamba wawekezaji huingia kwa kundi. Mmoja hukadiria bei, huandika masharti na kufanya uchunguzi, wengine humfuata. Lakini anayekwambia atafuata ukipata kiongozi hajakupa kitu. Ni kama jamaa anayesema atachangia harusi, ukumbi na biriani vikishalipiwa.

Muulize: kiongozi akipatikana, utatia shilingi ngapi, na mwisho wa ahadi yako ni lini? Niandikie kwa barua pepe. Akiandika, hiyo ni karatasi yenye faida, kwani yule kiongozi unayemtafuta atataka kujua nani wengine wamo. Asipoandika, umepata jibu lako.

"Bado mapema" na "soko lenu ni dogo"

Haya mawili ni ndugu. Yaweza kuwa kweli, nayo yaweza kuwa njia ya upole ya kukataa. Ukiambiwa urudi ukiwa na wateja zaidi, uliza wateja wangapi, na ukiwapata nini kitafanyika. Vijana wangu waliambiwa warudi wakiwa na mahoteli kumi. Walipofikisha kumi na moja wakaambiwa sasa yahitajika miji miwili. Kigingi kinachohama hivyo si sharti, ni kisingizio.

Na ukiambiwa soko la Pwani ni dogo, usidhani umeambiwa biashara yako haifai. Umeambiwa kwamba haitoshi kwa mfuko wake. Hapa ndipo vijana wengi huharibikiwa: huacha biashara ya samaki waliyoijua tangu utotoni, wakachora ramani ya nchi kumi ambazo hawajazikanyaga ili kumridhisha mtu aliyekwisha kukataa.

"Kampuni yenu twaithamini milioni 40"

Hapa tafadhali shika kalamu. Mwekezaji asema kampuni yenu ni ya shilingi milioni 40 kabla ya fedha zake, naye atatia milioni 10. Jumla milioni 50, yeye apate asilimia 20, nyinyi mbaki na 80. Vijana hutoka wakikumbatiana.

Kisha katika karatasi mwatakiwa kutenga fungu la hisa za wafanyakazi watakaoajiriwa baadaye, asilimia 15, na litoke upande wenu kabla yeye hajaingia. Sasa yeye ana 20, fungu ni 15, nyinyi mna 65. Asilimia 65 ya milioni 50 ni milioni 32 na nusu. Ile milioni 40 mliyosherehekea haikuwa yenu. Fungu lenyewe si baya, wafanyakazi wazuri wahitaji kupewa sehemu. Baya ni kutolijua. Uliza kila mara: baada ya kila kitu, mimi nitabaki na asilimia ngapi?

"Masharti haya ni ya kawaida, kila mtu hutia sahihi"

Mengi ni ya kawaida kweli, lakini kawaida kwake si lazima iwe salama kwako. Sharti la kusomwa zaidi ni haki ya kulipwa kwanza, yaani kampuni ikiuzwa mwekezaji huchukua fedha zake kabla ya wengine.

Tuseme alitia milioni 10 kwa asilimia 20, na kampuni ikauzwa milioni 25. Katika aina iliyo nyepesi, huchagua moja: arudishiwe milioni 10 zake, ama achukue asilimia 20 ambayo ni milioni 5. Atachukua 10, nyinyi mtabaki na 15. Katika aina ya pili huchukua milioni 10 zake kwanza, kisha agawane na nyinyi kilichobaki: 20 kwa mia ya milioni 15 ni milioni 3. Amepata 13, nyinyi 12. Na kama sharti lasema arudishiwe mara mbili kisha agawane, atachukua 20, na katika tano zilizobaki achukue moja. Yeye milioni 21, nyinyi mliojenga kampuni kwa miaka sita milioni 4. Katika zote tatu, asilimia yake ni ileile 20.

Sisi watu wa Pwani tusishangae. Mvuvi hupewa mashua, mashine na nyavu na tajiri wake, akaambiwa huo ni msaada. Baadaye hugundua kwamba samaki wote lazima amuuzie tajiri huyohuyo, kwa bei ya tajiri. Kilichomfunga ni lile sharti ambalo hakuliuliza siku ya kupewa.

"Fedha zimeshapita, ni karatasi tu"

Kabla ya mkataba wenyewe hutolewa waraka wa masharti ya awali. Vijana wengi huupiga picha na kuusambaza. Waraka huo kwa kawaida haumlazimishi mwekezaji kutoa fedha. Kinachofunga mara nyingi ni vipengele viwili tu, navyo vyakufunga wewe pia: kutunza siri, na kutozungumza na wawekezaji wengine kwa muda fulani, aghalabu siku 30 hadi 60. Yaani yeye yuko huru kuondoka, wewe umefungiwa milango mingine.

Januari 2020 tovuti ya habari ya Axios iliripoti kwamba mfuko wa SoftBank, kampuni kubwa ya Japani, ulijitoa katika kampuni changa kadhaa za Marekani baada ya kuzipa waraka wa namna hiyo. Ikiwa yawapata walio na mawakili wa San Francisco, sembuse kijana wa Likoni.

La kufanya: omba muda wa kufungiwa uwe mfupi, uwe na tarehe ya mwisho, na waraka useme ni uchunguzi gani uliobaki. Mpaka benki iseme zimeingia, fedha hazijapita.

"Wakili wetu atawashughulikia nyote"

Wakili wa mwekezaji ni wa mwekezaji. Tafuta wako, hata kama ni wa saa tatu tu za kusoma karatasi. Kwa sheria ya makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, mkurugenzi aweza kuondolewa kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura za wenye hisa. Kubadilisha katiba ya kampuni kwahitaji angalau asilimia 75. Kwa hivyo chunga namba mbili. Ukishuka chini ya nusu, waweza kutolewa katika kampuni uliyoianzisha. Na mtu mwingine akipita robo, aweza kuzuia mabadiliko makubwa peke yake. Mkataba wa wanahisa waweza kuongeza mengine juu ya hayo, ndiyo maana lazima usomwe.

Baada ya kutia sahihi, chukua hati ya CR12 kutoka kwa idara ya usajili wa biashara, uone majina ya wakurugenzi na wenye hisa ni yale mliyokubaliana.

"Hii ni hisa, haina riba"

Kwa sisi Waislamu swali hili halikwepeki, na wapo wanaolijua wakalitumia. Ipo mikopo inayogeuka hisa: fedha huingia kama deni lenye riba na tarehe ya kulipwa, kisha baadaye deni na riba yake vyageuzwa kuwa hisa. Ipo pia mikataba ya SAFE, iliyobuniwa na Y Combinator ya California mwaka 2013, ambayo haina riba wala tarehe ya kulipwa. Hiyo nayo ina mtihani wake: ukitia sahihi tano kwa nyakati mbalimbali huoni umemegwa kiasi gani mpaka siku zote zinapogeuka hisa kwa pamoja. Weka hesabu yake tangu ya kwanza. Hukumu ya kila mkataba waachie wanazuoni, lakini wapelekee mkataba wenyewe. Kuwasimulia maneno ya mwekezaji hakutoshi.

Kuna moja ambalo hata mtu wa kawaida aweza kulitambua. Katika mudharaba, mwenye mali hutoa mtaji na mwenye kazi hutoa juhudi. Hasara ikitokea bila ya uzembe wala hiana, mali ni ya mwenye mali, na mwenye kazi amepoteza jasho lake. Basi ukiambiwa huu ni uwekezaji, kisha ukatakiwa kutoa dhamana yako binafsi, ama hati ya shamba la babako, huo ni mkopo uliovishwa kanzu. Uite mkopo, uupime kama mkopo.

"Lipeni ada kidogo ya uchunguzi"

Hili ni fupi. Mtu anayekutaka utume fedha kwanza ili upewe fedha, mkimbie. Ni kweli mwekezaji wa halali aweza kukata gharama za wakili katika fedha anazokuletea, na hilo huandikwa wazi mapema. Hakutumii namba ya simu ili utume elfu ishirini ya "kufungua faili".

"Sisi hatuleti fedha tu"

Huahidi ushauri, wateja, milango ya wakubwa. Wengine hutimiza. Njia ya kujua ni kuwauliza waliowekezewa kabla yako, hasa wale ambao kampuni zao zilianguka, kwa sababu tabia ya mwenzi huonekana siku ya dhiki. Omba majina, upige simu mwenyewe. Akisita kukupa, hilo nalo ni jibu.

Waanzilishi nao

Tusiwalaumu wawekezaji peke yao. Wapo vijana wanaoongeza sifuri katika idadi ya wateja, na mwekezaji aliyedanganywa mara tatu hawezi kulaumiwa akiwa mkavu. Anayetaka kuambiwa kweli naye aseme kweli. Tena waanzilishi waandikiane wao kwa wao kabla ya kumwendea mtu wa nje: nani ana hisa ngapi, na akiondoka mwaka wa kwanza ataondoka na nini. Urafiki wa madrasa si mkataba. Katika Surat Al-Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ile ya 282, nayo yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wazee wetu nao walisema mali bila ya daftari huisha bila ya habari.

Mpwa wangu alirudi kwenye biashara yake. Haina jina kubwa sasa, na ule mchoro wa nchi kumi ulitupwa. Ana mahoteli manne yanayolipa kwa wakati, na friza mbili ambazo ni zake. Yule mwenzao aliyeacha kazi ya hoteli alikwenda Doha, na bado hawajazungumza vizuri. Bangili za dada yangu hazijarudi. Alipata moja kwa fundi wa dhahabu inayofanana na zake, akaiangalia, akasema si ile, akaiacha.

Mwezi uliopita mpwa alinijia tena. Kuna mwekezaji mwingine, na safari hii ni wao waliomtafuta. Nikamuuliza wamesema nini.

"Wasema wametupenda, mjomba," akacheka. "Nikawauliza: jibu ni tarehe ngapi?"